Kusafisha bomba la moshi la jiko la kuni: kulifungua, ufito au kamba?

Kuni ni kavu, jiko limewashwa vizuri, na bado moshi unarudi jikoni. Hapo cha kwanza kushuku ni masizi ndani ya bomba. Njia za kuyatoa mwenyewe ni tatu: kulifungua bomba na kulisafishia chini, kupitisha brashi kwa ufito, au kushusha gunia lenye uzito kwa kamba. Hakuna inayofaa kila jiko. Uchaguzi unategemea bomba limetengenezwa kwa nini, limepinda mara ngapi, masizi yake ni ya namna gani, na paa lake ni la makuti au la bati. Hilo la paa hupuuzwa mno, ilhali katika vijiji vya pwani ya Lindi na Mtwara ndilo linaloweza kuamua mambo yote.

Una bomba gani?

Huku kusini utakutana hasa na aina tatu. Ya kwanza ni bomba jembamba la bati, inchi 4 hadi 6, linalotoka kwenye jiko banifu la udongo au matofali, nyumbani au kwa mama lishe. Fundi bati hulikunja kwa vipande vya mita moja au zaidi kidogo na kuvichomeka kimoja ndani ya kingine. Ya pili ni bomba la chuma la jiko kubwa la shule ya bweni au kituo cha afya, inchi 6 hadi 8, refu na lililonyooka, mara nyingi limefungwa ukutani kwa vyuma. Ya tatu ni dohani ya matofali, kama ile ya tanuri la mkate, yenye tundu la mraba la sentimita 20 au zaidi kila upande.

Kuna aina ya nne ambayo hupaswi kuigusa: bomba la saruji yenye asbesto katika majengo ya zamani. Huwa la kijivu, zito, lenye ukuta mnene kuliko bati, na likivunjika nyuzi huonekana pembeni. Ukilikwangua unatoa nyuzi zinazoingia kwenye mapafu na kuleta maradhi makubwa, yakiwemo saratani. Bomba hilo halisuguliwi kwa njia yoyote kati ya hizi. Mkabidhi mtaalamu aliondoe.

Una masizi gani?

Jiko likiwa limepoa kabisa, ingiza mkono wenye glovu au bisibisi ndefu kwenye mdomo wa bomba, ukwaruze. Masizi yakidondoka kama unga mweusi, una kazi nyepesi, na njia yoyote kati ya tatu itayatoa. Yakitoka kama magamba makavu yanayokatika, unahitaji kitu kigumu zaidi, yaani brashi ya kweli, kwani gunia peke yake litateleza juu yake. Kama bisibisi inateleza juu ya tabaka jeusi linalong'aa, hiyo ni lami ya moshi. Lami haitoki kwa brashi ya kawaida.

Lami hutokea pale moshi unapopoa ndani ya bomba kabla ya kutoka. Moshi wa kuni umebeba mvuke na mafuta mazito, na ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, vitu hivyo huganda kwenye ukuta wa bomba. Kuni mbichi huleta hali hiyo kwa sababu joto lake jingi huishia kukausha maji yaliyomo. Mkorosho uliokatwa wiki iliyopita, mwembe mbichi, makumbi yaliyonyeshewa: vyote vinafuka badala ya kuwaka. Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa juani huku zikikingwa mvua kwa miezi sita hivi hufika chini ya asilimia 20 ya unyevu, na kwa kuni za namna hiyo bomba hutoa unga zaidi kuliko lami.

Maganda ya korosho yanahitaji neno lake. Yanapatikana kwa wingi baada ya ubanguaji, yanawaka kwa nguvu, na yanavutia. Lakini karibu robo ya uzito wa ganda, wakati mwingine zaidi, ni mafuta machungu yenye asidi ya anakardiki na kardoli, yale yale yanayobabua vidole vya wabanguaji. Yakiungua nusunusu kwenye jiko la kuni, hupanda na moshi na kujipaka ndani ya bomba. Tabaka lake hunata, na vumbi lake huwasha ngozi na macho. Maganda hayo yachomwe kwenye tanuru lililojengwa kwa ajili yake, lenye hewa ya kutosha na moto mkali. Ukiyatumia kwenye jiko banifu la nyumbani, hakuna njia ya usafishaji itakayokutosheleza.

Kuhusu kiasi: tabaka likifika milimita 3, safisha. Likifika milimita 6, usiwashe jiko tena mpaka usafishe. Katika bomba la inchi 4, tabaka la milimita 6 limekula karibu robo ya nafasi ya moshi, na la milimita 12 limekula zaidi ya theluthi. Ndiyo maana bomba jembamba linabadilika ghafla: wiki hii linavuta, wiki ijayo linakufukiza.

Kabla ya njia yoyote

Jiko liwe limelala bila moto tangu jana yake. Toa majivu, funika mdomo wa kuni kwa gunia lililoloweshwa, na ondoa vyakula na maji ya kunywa jikoni. Vaa barakoa inayobana puani, miwani ya fundi, glovu na nguo za mikono mirefu. Mwaka 1775 daktari wa London, Percivall Pott, alionyesha kwamba wasafisha dohani walikuwa wanapata saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Nguo za kazi hii zifuliwe peke yake, na mwili uoshwe kwa sabuni mara tu kazi inapokwisha.

Kulifungua bomba

Kwa bomba la bati la nyumbani, hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza, na kwa nyumba ya makuti ndiyo pekee tunayoiona salama. Hupandi juu, masizi hayatawanyiki jikoni, na unalikagua bomba lote kwa macho, jambo ambalo ufito na kamba havikupi.

Chora alama kwa msumari kwenye kila kiungo, mstari unaovuka vipande vyote viwili, ili urudishe kila kimoja pale pale kilipokuwa. Mtu mmoja ashike sehemu ya juu au uifunge kwa waya kwenye nguzo, kisha fungua skrubu za kiungo cha chini. Zungusha kipande kushoto na kulia kidogo kidogo huku ukikivuta. Ukikivuta moja kwa moja, mdomo wa bati hupinda na hautarudi tena bila nyundo.

Peleka vipande nje upande ambao upepo unatoka kwako. Vilaze juu ya kiroba kilichopasuliwa, gonga kwa kipande cha mti kuzunguka kote, kisha pitisha ufagio wa chelewa uliofungwa kwenye fimbo. Mara nane hadi kumi kwa kila kipande zinatosha kwa unga. Kwa magamba, ongeza brashi ya waya. Usioshe kwa maji isipokuwa una jua la kutosha kukausha siku hiyo hiyo, kwani masizi yaliyolowa hutoa maji yenye tindikali yanayokula bati, na hewa ya chumvi ya pwani inaongezea.

Sasa inua kila kipande kuelekea jua na uchungulie. Vitundu vinavyopitisha mwanga vinamaanisha bati limekwisha. Bonyeza kwa kidole gumba karibu na mshono: likibonyea kama karatasi, badilisha kipande hicho. Ukikirudisha, moshi wenye kaboni monoksidi utapenyea ndani ya nyumba, na gesi hiyo haina harufu.

Kosa la kurudishia linalojirudia sana ni kugeuza vipande juu chini. Mdomo mwembamba wa kila kipande uelekee chini, uingie ndani ya kipande kilicho karibu na jiko. Hivyo lami inayotiririka hubaki ndani na kuungua. Ukigeuza, itachuruzika nje ya bomba na kuchora ukuta mistari ya kahawia inayonuka. Weka skrubu tatu kila kiungo na uzibe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga laini.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye paa. Kipande kinachopita kwenye bati la paa kimezibwa dhidi ya mvua, na ukikitoa bila uangalifu, jikoni kutavuja mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka. Basi kiache. Fungua cha chini yake tu, na hicho cha juu kipitishie brashi kutoka chini. Vilevile bomba lenye zaidi ya miaka kadhaa pwani linaweza kuwa na skrubu zilizoliwa na kutu. Skrubu hizo hukatwa, hazifunguliwi kwa nguvu.

Ufito na brashi

Hii ni ya mabomba marefu yaliyonyooka, hasa ya majiko ya shule, ambayo kuyafungua kunahitaji watu wanne na ngazi mbili. Ubora wake mkubwa ni kwamba unaweza kufanya ukiwa chini, kupitia kifuniko cha kusafishia kilicho kwenye shina la bomba.

Brashi iwe na upana sawa na wa ndani wa bomba, au ipite kidogo. Brashi ya inchi 5 kwenye bomba la inchi 6 inaacha tabaka upande mmoja bila wewe kujua. Kwa chuma cha kawaida na matofali tumia waya. Kwa chuma kisichoshika kutu tumia plastiki ngumu, kwa sababu waya wa kawaida huacha mikwaruzo na chembe za chuma, na kutu huanzia hapo. Madukani Mtwara mjini au Masasi si kila siku utaipata brashi ya kipimo chako. Ya kujitengenezea inafaa kwa unga na magamba laini: kata chelewa za sentimita 20, zipange kuzunguka kichwa cha ufito, zifunge katikati kwa waya wa kufungia nondo, kisha zikunje zisimame pande zote kama gurudumu. Kichwa kizidi tundu la bomba kwa sentimita moja hivi.

Ufito wa kawaida haupindi vya kutosha kupita kwenye kifuniko cha chini. Bomba jeusi la maji la nusu inchi, lile linalouzwa kwa roli, linapinda na bado linasukuma. Kwa bomba la moshi la mita 6, kata mita 8.

Sukuma brashi mpaka itokee juu kabisa ndipo uirudishe. Ukijaribu kuigeuza katikati ya safari, waya zake zilizoelekea chini hukamata ukuta na brashi hukwama. Ikikwama, usivute kwa kushtukiza. Sukuma juu kidogo, zungusha, vuta. Ukitumia fito zinazoungwa kwa skrubu, zungusha kwa mwelekeo wa kukaza pekee, yaani kulia. Zungusho mbili za kushoto zinatosha kufungua kiungo na kuiacha brashi peke yake juu.

Kofia, yaani kifuniko cha ncha ya juu ya bomba, ndiyo inayowaponyoka wanaosafishia chini. Ni sehemu yenye ubaridi kuliko zote, na kama ina wavu, masizi huziba hapo kabla ya pengine popote. Unaweza kusugua bomba zima likang'aa na moshi ukaendelea kurudi kwa sababu ya kiganja kimoja cha masizi kwenye wavu. Kwa hiyo shule inayochagua njia hii bado inahitaji mtu wa kupanda angalau mara moja kwa mwaka. Paa la bati likanyagwe kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo palipo na mbao. Ngazi iegemee kwa kipimo cha mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu, na mtu aishike chini. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, ahirisha.

Kamba, uzito na gunia

Dohani pana ya matofali haisafishwi vizuri kwa ufito. Brashi ya ukubwa huo ni nzito, na ufito hupinda kabla ya kuisukuma. Hapa kamba inashinda, pia inapita kwenye dohani iliyopinda kidogo ambako ufito ungekwama.

Chukua gunia chakavu la korosho, lile la nyuzi ngumu, lijaze makumbi makavu mpaka libane ndani ya tundu. Funga kamba juu na kamba nyingine chini. Kwenye kamba ya chini ongeza uzito wa kilo 3 hadi 5, kitu cha mviringo. Jiwe lenye ncha hung'oa plasta, na mnyororo mtupu huvunja kingo za matofali. Mtu wa juu anashusha, wa chini anavuta, kisha wanabadilishana. Kwa masizi ya unga, safari kumi hadi kumi na tano. Kwa magamba, zungushia gunia wavu mgumu wa waya.

Kamba mbili ni lazima. Ukiwa na moja tu na fundo likalegea, mzigo utabaki katikati ya dohani, na kuutoa kutakulazimu kutoboa ukuta. Mkubaliane neno la kusimama kabla ya kuanza, kwa sababu aliye chini haoni aliye juu.

Kwa bomba la bati la inchi 4, kamba ni chaguo baya. Uzito unagonga kiwiko cha bomba na kukibonyeza, na kila mbonyeo unakuwa mahali pa masizi kujikusanya. Kwa nyumba ya makuti haiwezekani kabisa, maana hakuna pa kusimama.

Yasiyosafisha

Kuwasha moto mkali kwa makusudi ili masizi yaungue ndani ya bomba kunafanywa, na kuna watu wanaokushauri hivyo kwa nia njema. Tunawaomba waache. Masizi yakishika moto, joto ndani ya bomba hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Bati hulegea, matofali hupasuka, na cheche hutua kwenye makuti yako au ya jirani. Dalili zake ni mngurumo ndani ya bomba na bomba kuwa jekundu. Likitokea bila kukusudia, toa watu nje, ziba mlango wa hewa wa jiko, mwagia maji paa kutokea nje na piga 114, namba ya Zimamoto. Usimwage maji ndani ya bomba lenye moto. Mvuke utakurudia usoni na matofali yatapasuka.

Chumvi ya kutupia motoni haiondoi tabaka lililokwishaganda, na inaharakisha kutu. Maganda ya viazi hayafanyi kazi ya brashi. Petroli au mafuta ya taa kamwe.

Lini umwite fundi

Lami inayong'aa, bomba linaloyumba ukilishika, dohani yenye ufa, au paa ambalo huwezi kulifikia bila kuning'inia: hapo lipa fundi. Huku utampata fundi bati au aliyejenga jiko, na kwa bomba la bati lenye lami, mara nyingi kukunja vipande vipya ni nafuu kuliko kukwangua vya zamani. Kwa dohani ya matofali, muulize kabla hajaanza atatumia nini. Akijibu kwamba ataichoma, tafuta mwingine.

Mara ngapi, na baada yake

Jiko la mama lishe au la shule, linalowaka kutwa, likaguliwe kila mwezi. Shule zina nafasi nzuri ya kusafisha likizo za Juni na Desemba. Jiko la nyumbani lisafishwe mara mbili kwa mwaka, na moja kati ya hizo iwe Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaloanisha masizi.

Masizi na majivu yatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko, nje, mbali na ukuta wa makuti, yakae siku kadhaa kabla ya kuyazika. Kaa moja iliyojificha ndani ya majivu hukaa na moto muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kisha washa karatasi moja mdomoni mwa jiko. Moshi uvutwe mara moja. Pitisha macho kwenye kila kiungo kutafuta moshi unaopenya. Kama bomba ni safi na moshi bado unarudi, tatizo si masizi: pengine bomba ni fupi. Ncha yake ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, ukiwemo mgongo wa paa na matawi ya mwembe, la sivyo upepo utausukuma moshi chini.

Taasisi nyingi sasa zinahamia kwenye gesi, kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Bomba linaloachwa nalo lisafishwe mara ya mwisho, kofia ivuliwe na juu pazibwe kwa bati. Likiachwa na masizi yake na mvua ikaingia, litaoza kutokea ndani na kudondokea walio chini.